Mpangaji Asiye na Watoto

Zama hizo wanyama walipokuwa wakipangishana nyumba, Bi Muhanga alichimba mashimo mawili kwa kucha zake mwenyewe: moja la kuishi na mwanawe, la pili la kupangisha. Sharti lake lilijulikana mtaa mzima: hataki mpangaji mwenye watoto. Watoto huchokonoa kuta na kupiga kelele. Wa kwake hakumhesabu.

Ngiri alikuja amelowa mvua, vitoto vyake vinamfuata nyuma.

"Mama mwenye nyumba, tusitiri. Hawa nitawatuliza."

"Wote husema hivyohivyo. Nenda zako, mama."

Kesho yake akaja Chatu. Hana mke, hana mtoto, hana wageni. Akaingia polepole, akajikunja pembeni, basi. Bi Muhanga alifurahi mno, akawa anawatambia majirani.

"Hata kukohoa hajui! Huyo ndiye mpangaji."

Alfajiri moja alirudi kutoka kutafuta mchwa, akamkosa mwanawe. Aliita, akatafuta kila mahali, mwishowe akapiga hodi kwa mpangaji. Alimkuta Chatu amejinyoosha, hawezi kujikunja, tumbo limemvimba katikati.

"Mwanangu yuko wapi?" aliuliza.

"Alikuja kucheza humu," Chatu alijibu kwa ule upole wake uliosifiwa mtaa mzima. "Nami sikupenda tukosane, Bi Muhanga. Si ulisema mwenyewe hutaki watoto humu ndani?"