Spana ya Mpini Mwekundu

Maji yalikuwa yameshafika kizingitini Mbishi alipoingia jikoni kwa mwenyekiti wa mtaa, begi la vifaa begani, viatu mkononi.

"Usiguse kitu!" mwenyekiti alifoka, suruali kaikunja hadi magotini. "Namsubiri fundi wa kweli."

"Fundi wako kasema hana nafasi mpaka Jumatatu," mkewe alidakia. "Tuogelee mpaka Jumatatu?"

"Fundi wa kweli huyu hapa, mzee," Mbishi alisema. "Koki kuu iko wapi?"

Eti fundi! Mwenyekiti huyu ndiye aliyetangaza mkutanoni wiki iliyopita kwamba karakana ambamo Mbishi na vijana wenzake hujifunza ufundi bomba itafungwa Ijumaa, chumba apewe shemeji yake aweke mabati. "Wajifunze ufundi nyumbani kwa nani? Nani humu mtaani atathubutu kuwafungulia mlango?" aliuliza, akacheka mwenyewe. Wanaume walitikisa vichwa kumuunga mkono. Wanawake walitazamana, mkewe akiwa mstari wa mbele. Mbishi peke yake ndiye aliyesimama: "Tupeni kazi kwanza, ndipo mtucheke!" Akaambiwa akae chini.

Kesho yake, kana kwamba mkosi hautoshi, spana kubwa ya mpini mwekundu ikatoweka karakanani. Mwalimu wao, mama asiye na mchezo na vifaa, aliwawakia wote. Mbishi aliapa hakuichukua, machozi ya hasira yakimlenga.

Lakini loo, kazi zikaanza kuja! Bomba likavuja kwa mshona nguo. Bafu likafurika kwa muuza mkaa. Kwa mama wa mapacha, sinki likalegea lote. Vijana walikosea, wakarudia, wakalowa chapachapa, wakajua.

Mwenyekiti hakujali. Ijumaa ilipofika aliwanyang'anya ufunguo asubuhi na mapema. Walikuwa bado wameketi nje na vifaa vyao, wamenuna, mkewe alipokuja mbio kuita msaada.

Sasa Mbishi alikuwa chini ya sinki, tumbo majini.

"Ajabu," alisema. "Nati kama hii hailegei yenyewe."

"Mabomba ya zamani hayo," mke wa mwenyekiti alijibu haraka. "We kaza tu, mwanangu."

Akakaza. Koki kuu ikafunguliwa tena. Hata tone halikudondoka.

Mke akamgeukia mumewe, mikono kiunoni. "Haya, baba. Uliuliza nani atawafungulia mlango. Mimi nimewafungulia. Toa ufunguo wa watu."

"Na shemeji nimwambie nini?"

"Huyo ni kaka yangu. Nitamwambia mwenyewe, na mabati yake akayalalie."

Mwenyekiti alichomoa ufunguo mfukoni, akamkabidhi Mbishi bila kumtazama, akaenda kubadili suruali. Mbishi alitoka akipiga mluzi, miguu peku, viatu amevisahau mlangoni.

Alipobaki peke yake jikoni, mke wa mwenyekiti alizamisha mkono ndani ya debe la unga, akaitoa spana ya mpini mwekundu, akaikung'uta unga, akatoka uani na kuipitisha juu ya ukuta kwa jirani yake, mke wa kinyozi.

"Jumatatu zamu yako," alinong'ona. "Ila legeza kidogo tu, mwenzangu. Mimi nilizidisha."