Homa ya Saa Nne na Nusu

Wewe umeshaona wapi mashine inashikwa na homa saa nne na nusu kamili, kila siku, kama mgonjwa wa malaria?

Turbini ya mvuke ya santrali moja ya umeme kando ya Kolwezi ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi inazunguka vizuri, imetulia. Ikifika saa nne na nusu, mstari wa mitetemo kwenye kompyuta ya Simone unapanda, king'ora kinalia, mashine inajizima yenyewe. Umeme unakatika mpaka mgodini.

Simone, injinia wa mitetemo, alikuwa amechoka. Mara tisa alingoja chuma kipoe, akakifungua pamoja na fundi wake Hénock. Mafuta safi. Rulma, yaani beringi zake, nzima. Hata skrubu moja haijalegea.

"Na capteur yenyewe iko muzima?" aliuliza. Ni kile kifaa kidogo, kama kifuniko cha chupa, kinachosikiliza mitetemo.

"Mupya kabisa, chef. Zile mbili za kwanza joto ilizikaanga kama karanga. Hii nilisogeza kidogo ku baridi."

Kila mashine ilipozimika, mama Louise, mpishi wa santrali, alitokea mlango wa nyuma, jasho usoni, mikono ya kijani mpaka viwikoni.

"Simone, mwanangu, mi nilikuwa nataka..."

"Mama, tutakula nyuma, kazi ikiisha! Hauone tunakufa huku?"

Mama Louise anarudi jikoni kwake, nyuma ya ukuta. Mtu mpole, yule.

Ijumaa mashine ilitulia siku nzima. Simone alikula samaki wa mama Louise taratibu, akanyonya hata miba, akadhani imepona. Jumamosi, saa nne na nusu: king'ora. Alibamiza kofia yake ya kazi chini, ikapasuka.

Jumatatu mkurugenzi Kabasele alikuja mwenyewe, akasimama nyuma ya kiti cha Simone.

"Mama Simone, leo ikizimika tena, kesho ubakie ku nyumba. Nitaita bengine."

Saa nne na robo, mstari umelala. Saa nne na dakika ishirini na tisa, bado umelala.

"Unaona, tata directeur?" Hénock akacheka. "Inakuogopa!"

Mstari ukaruka. King'ora. Kabasele akatoka, hata mlango hakuufunga.

Simone akakaa kwenye ngazi ya chuma, akalia kidogo, akajipangusa uso kwa mkono wenye grisi. Mlango wa nyuma ukafunguka.

"Kuja, mama Louise. Sema sasa. Sina tena kazi, niko na wakati."

"Haikuwa kitu kikubwa, mwanangu. Ni kale ka-chuma kama kifuniko cha chupa, Hénock alibandika ku ukuta wa jiko langu, pale ninaegemeza kinu. Mukatoe. Kila mara mi natwanga majani ya sombe, kananikwaruza kiwiko."