Mtoto Mwenye Adabu

Afisa wa ustawi wa jamii alikuja shuleni kuamua kama Tunu aendelee kuishi na bibi yake. Mwalimu Ngonyani alimnyooshea mtoto kola. "Mjibu kwa adabu, mama." Alijua Tunu ana haki ya kuhojiwa akiwa na mtu anayemwamini, hata ya kunyamaza. Hakumwambia. Aliwahi kipindi cha hesabu.

Akiwa ubaoni, alizisikia sauti za mahojiano kutoka ofisi ya jirani.

"Bibi anakupiga?"

"Ndiyo, mwalimu," Tunu aliitikia, kama darasa zima linavyoitikia kila siku.

"Anakunyima chakula?"

"Ndiyo, mwalimu."

Ngonyani, aliyemwona bibi huyo kila asubuhi akimletea mjukuu maandazi ya moto, alikimbia. Afisa alikuwa anafunga faili.

"Tunaondoka naye leo."

Tunu alimtazama mwalimu wake akitabasamu, akingoja kusifiwa.