Mtungi Usiooshwa wa Pimbi

Nina mchele wa kuchagua, nanyi mnataka hekaya, haya. Pimbi alipika pombe ya mtama, mtungi mmoja tu, lakini tamu mpaka wanyama wakakihama kilabu cha Korongo. Korongo, mpenda usafi, akauiba mtungi, akausugua kwa majivu ukang'aa, akapikia humo. Pimbi alipoufuata, akawakuta wateja wakitema.

“Bwana Korongo, huu ni uji,” walilalama.

“Umeosha chachu yangu, jirani,” alisema Pimbi. “Iliganda humo tangu enzi za bibi yangu.”

Wakadhani Pimbi kafilisika. Wapi. Mwiko wake nao hakuwahi kuuosha. Akauchovya kwenye togwa ambayo haijachacha, kesho yake pombe ikafura. Kile kichwa cha Pimbi, jamani. Korongo akahukumiwa na wanyama kwa wizi wake, amtwangie Pimbi kimea cha pombe msimu mzima, manyoya yake meupe yote vumbi.