Mkono Juu ya Spika

Arobaini ilipopita, Tatu aliiunganisha redio kubwa ya marehemu mumewe, Shomari, na mtandao, ili mama mkwe wake apate kusikiliza nyimbo alizozipenda mwanawe.

"Nenosiri la akaunti yake ya muziki nalijua, Mama. Nyimbo zake zote zimo humu."

Bi Mwajuma alikaa chini mkekani, akaweka mkono juu ya spika. Wimbo ukamtetema kiganjani. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba.

Ghafla wimbo ukakatika katikati, ukaanza mwingine wa makelele.

"Mbona umebadilisha?"

"Sijagusa kitu." Tatu aliitazama simu yake. "Hapa pameandikwa simu ya Shomari. Kuna mtu anayo, Mama. Ndiye anayechagua nyimbo."

Simu hiyo haikuonekana tena tangu siku Shomari alipookotwa mtaroni, kachomwa visu vitatu vya mgongoni.

Tatu alinyoosha mkono azime redio. Bi Mwajuma akaudaka.

"Iache. Nataka nijue anapenda nini."

Wimbo ukaisha. Bi Mwajuma hakuondoa kiganja juu ya spika. Alisogea karibu zaidi, akingoja huyo mtu achague mwingine.