Sisi Nani?

Jenerali aliingia mkutanoni amevaa soksi mikononi.

Hakuna aliyemcheka. Ng'ambo ya meza, Kamanda wa waasi alikuwa amejifunga taulo la hoteli shingoni, pua imemwiva kwa mafua. Kiyoyozi cha ukumbi kilikuwa kinanguruma tangu Jumatatu, rimoti haionekani, na fundi alikuwa ametikisa kichwa: ukikikatia umeme, taa na vipaza sauti navyo vinazimika. Madirisha yalikuwa vioo vitupu visivyofunguka.

"Mtanisamehe, wanangu," alisema Mama Jaji, jaji mstaafu aliyetumwa na nchi jirani kuwapatanisha. "Mimi na mitambo hatupatani." Yeye alikuwa amevaa sweta mbili, na mkoba wake mkubwa haukumtoka kwapani.

Ugomvi uliobaki ulikuwa wa daraja tu. Wagonjwa walikuwa upande wa Kamanda, hospitali upande wa Jenerali, na katikati magunia ya mchanga na bunduki. Alipokuwa akija, Mama Jaji alimwona mjamzito akirudishwa kwa machela, na tangu hapo usingizi ulimpaa. Nchi jirani zilimpa mpaka Ijumaa. Baada ya hapo, kila mtu na vita vyake.

"Sisi hatutoki darajani mpaka wale watoke," Jenerali alimwambia.

"Mwambie sisi tulishasema, wale ndio waanze," alisema Kamanda, kana kwamba mwenzake yuko mwezini.

Sisi, wale. Wale, sisi. Wimbo ulikuwa huohuo, na waitikiaji walewale. Wasaidizi walianza kunong'ona kwamba bibi wa watu amechoka: aliyeshindwa na kiyoyozi ataviweza vita?

Alhamisi Kamanda alishikwa na kikohozi cha kutikisa vikombe. Jenerali alivumilia, akavumilia, mwisho akavua koti lake la nyota na kulisukuma mezani.

"Vaa, bwana. Ukifia hapa watasema tumekuua."

Kamanda alilikagua lile koti kama lina nge ndani. Kisha akalivaa.

"Ahsante, mzee wangu. Ila atakayetuua ni huyu mama."

"Kumbe na wewe umeliona hilo!"

Walicheka mpaka Kamanda akakohoa upya. Wakabeba viti vyao na chupa ya chai hadi kwenye kona ambako upepo haufiki, wakamteta Mama Jaji kwa raha zao, kisha mazungumzo yakahamia darajani. Chai ilipoisha walimwendea, bega kwa bega, wamekunja nyuso.

"Mama, tunakuheshimu, lakini sisi tumechoka," alisema Jenerali. "Magunia yatolewe kwa pamoja, pande zote mbili. Kesho asubuhi tutie sahihi, tuondoke kwenye friji hii."

"Sisi nani?" aliuliza Mama Jaji.

Wanaume wale walitazamana.

"Sisi sote," alijibu Kamanda, sauti ikitoka ndani ya kola ya Jenerali.

Mama Jaji aliinamisha kichwa kwa aibu, akawaomba radhi tena. Walitoka wakinung'unika, mmoja akimalizia sentensi ya mwenzake, na wasaidizi wakawafuata mbio kwenda kuota jua.

Alipobaki peke yake alifungua mkoba, akasogeza miwani na leso, akatoa rimoti. Alikielekezea kiyoyozi, akapunguza nyuzi mbili zaidi.

Sahihi zilikuwa kesho.