Mtu wa Mwisho wa Manibe

Malkia? Mindra alishtuka, nusura aachie kiwaya cha jenereta. Filamu yake haikuwa na malkia. Ilikuwa na mtu mmoja tu, jirani yake Obitre, na Obitre ana ndevu.

Ndani ya kibanda cha video, VJ Swadiki alikuwa ameshapamba moto. "Malkia ya sayari anashuka! Wamemfunika mpaka uso, hewa ya kwetu itamuua!" Watu wakapiga miluzi.

Mjini Koboko watu hawatazami filamu kavu. VJ hukaa na maikrofoni, huzima sauti ya filamu, kisha husema yake. Mwigizaji akisema nakupenda, VJ atakuambia anadai ng'ombe wake. Mindra alikulia kwenye vibanda hivyo na alicheka sana enzi zake. Ila leo haikuwa siku ya mchezo.

Leo alikuwapo Madam Stella Kiden wa Kampala, anayezunguka kutazama filamu fupi za sayansi za vijana wasio na mtaji. Mmoja tu atachukuliwa kwenda kusomea uongozaji. Mwisho ni miaka thelathini, na Mindra anaitimiza Desemba. Akikosa leo, basi tena, atazeekea Arua akipiga video za sherehe za watu, kazi aliyoichoka kuliko uji wa mgonjwa.

Na filamu yenyewe aliipenda, jamani! Mwanadamu anarudi kutoka mwezini, anakuta dunia haina mtu hata mmoja, anakaa kando ya kichuguu kule Manibe na kulia. Basi. Kofia ya mwezini ilikuwa sufuria ya mama yake Mindra, machozi yalikuwa ya kitunguu. Alitaka watazamaji wanyamaze kidogo, waone uchungu.

Alimaliza kuihariri alfajiri, akapitia mtaa wa Oli kumwachia mteja flashi ya kazi yake, akakimbilia gari la Koboko na flashi nyingine mfukoni. Kufika, umeme hakuna. Kasimiro, mwenye kibanda, akaipokea flashi, akamkokota mpaka nyuma ya mabati kwenye jenereta.

"Kijana, shika hii kiwaya ya mafuta," alimwambia. "Ukiachia, inakufa. Mimi iko mlangoni."

"Lakini mzee, filamu ni yangu!"

"Ndiyo. Sasa unataka ionekane ama hapana?"

Kwa hiyo Mindra akabaki amechuchumaa kwenye moshi, akisikiliza mtoto wake akichinjwa upande wa pili wa bati.

"Chombo yao hiyo!" Swadiki alinguruma. "Angalia, taa yote inawaka na jua iko! Hawa watu hawajui mchana!"

Taa gani? Chombo chake kilikuwa beseni mbili zilizofunikana.

"Askari ya malkia wanakuja! Hatua moja mbele, mbili nyuma! Mguu yao haijazoea dunia!"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mindra akauma meno. Hapo ndipo Obitre anapotembea peke yake kwenye shamba la muhogo, pale pa kutoa machozi, na mtu mzima anacheka mpaka anapiga benchi!

"Malkia analia! Anataka kurudi kwao! Wapi, wamemshika mkono!"

Afadhali hapo, angalau kulia kulikuwapo.

"Yesu wangu! Wanabomoa mnara yao! Wanakula mnara!"

"Mnara gani, wewe?" Mindra aliliuliza bati. "Kile ni kichuguu!" Akatamani kuingia amnyang'anye maikrofoni. Lakini mkono ukitoka kwenye kiwaya, kila kitu kinazimika, na Madam Stella anapanda gari lake anaondoka. Akabaki hapo hapo, macho yakimwuma, na si moshi pekee uliomliza.

Makofi yalipokwisha, Swadiki alitoka wa kwanza, shati limelowa. "Kaka, kazi yako iko ngumu! Mimi sikuelewa hata kidogo. Lakini nimeisukuma mpaka imefika."

"Umeniua, Swadiki."

Kabla hajajibiwa, Madam Stella mwenyewe akatokea, leso mkononi, anapangusa macho. Mindra akasimama. Akajiandaa kusikia pole.

"Nimetazama nyingi mwaka huu," akasema. "Zote zinajitahidi kuficha umaskini. Yako haifichi kitu. Mwigizaji wako mkuu amesomea wapi kulia vile?"

"Hajasoma, madam. Ni watu wetu tu wa huko Arua."

"Nilijua! Aliyefundishwa hawezi. Na kuacha mtu wa kibanda aseme juu ya picha za kawaida namna ile, mpaka mimi nikaogopa! Nani alikupa wazo hilo?"

Mindra alimtazama Swadiki. Swadiki akatazama angani.

"Ilikuja yenyewe, madam," Mindra akasema.

"Nafasi ni yako. Januari uje Kampala."

Weee! Mindra alimkumbatia Swadiki, akamkumbatia Kasimiro, akaikumbatia na jenereta ikamchoma mkono, wala hakujali. Sherehe za watu kwaheri! Obitre lazima achinjiwe jogoo, na mama apate sufuria mpya. Alikuwa bado anarukaruka simu yake ilipoita. Alikuwa Viktoria, yule mteja wa Oli.

"Kaka Mindra," Viktoria akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha jikoni, "wakwe wamejaa hapa sebuleni, tunaangalia video ya harusi yangu. Huyu mzee ya ndevu, amevaa sufuria kichwani, analia peke yake kwa kichuguu, sisi hatumjui na wao hawamjui. Iko wa upande ya nani?"